Anayetaka kujiunga na kikosi cha mbwa wa uokoaji aje kwanza bila mbwa

Ndugu Mhariri,

Nipatie nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kwa wasomaji wanaotamani kujitolea kwenye vikosi vya mbwa wa utafutaji na uokoaji.

Kila gazeti linapotoa picha ya mbwa amesimama juu ya kifusi, ulimi nje, siku mbili tatu baadaye maombi huanza kumiminika, na karibu yote yana sura moja: nina mbwa, ana akili kuliko watu, nimlete lini? Jibu ambalo wengi hawalipendi ni kwamba aje mwenyewe, mbwa amwache nyumbani. Aje hivyo kwa miezi mitatu, ikiwezekana sita. Vikosi vina njaa ya watu kuliko ya mbwa, na aliyepitia kazi za asiye na mbwa ndiye anayekuja kuwa mwongozaji wa maana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ili mbwa mmoja afanye zoezi moja la dakika 20, anatakiwa mtu wa kujificha, mwongozaji, na msaidizi anayetembea nao akiwa na ramani. Mwalimu anayetazama kwa mbali ni wa nne. Kikosi chenye mbwa sita na watu sita hakina kitu: wote sita wameshika kamba na hakuna wa kutafutwa.

Tuanze na kujificha, maana ndiko kila mgeni anakoanzia, na ndiko mbwa wengi wanakoharibiwa. Mtu wa kujificha huingia porini dakika 20 hadi 30 kabla ya mbwa kuachiwa, ili hewa ipate nafasi ya kubeba harufu yake na kuitandaza. Anaingia kwa kuzunguka, akitokea upande upepo unakotoka. Akikata njia ya mkato katikati ya eneo, mbwa atashika nyayo zake, na zoezi la kunusa hewa litakuwa limegeuka zoezi la kufuata nyayo bila mtu kujua. Anabeba simu ya upepo, lita moja ya maji, kipande cha turubai cha kukalia, filimbi, na zawadi ya mbwa. Zawadi ikiwa ni nyama, ikae kwenye kopo linalofunga barabara. Kopo likivuja, mbwa hujifunza kutafuta nyama, na siku ya kazi ya kweli aliyepotea hana nyama mfukoni.

Akishakaa, amekaa. Haongei na simu, havuti sigara, hachungulii. Mbwa akitokea hamtazami machoni wala hasogezi mkono mpaka mbwa amalize kazi yake yote. Hapo ndipo penye ufundi. Wako mbwa wanaofundishwa kubweka papo hapo mpaka mwongozaji afike, na wako wanaofundishwa kurudi kwa mwongozaji, kumgusa mguu kwa pua au kuketi mbele yake, kisha kumwongoza hadi kwa mtu. Kwa anayebweka, siku za mwanzo mbweko mmoja unalipwa zawadi. Baadaye mitatu, baadaye kumi, na mwisho anabweka bila kukoma hadi asikie hatua za mwongozaji. Anayetoa zawadi mapema, mbwa akiwa bado hatua kumi mbali, anamfundisha kwamba kufika si lazima. Anayeichelewesha mno anamfundisha kuparua kwa kucha na kurukia kifua, na fikiria aliyelala pale ni bibi mwenye nyonga iliyovunjika. Zawadi yenyewe itolewe kwa furaha ya kweli: mchezo wa kuvutana kitambaa wa dakika moja au mbili, na sauti ya juu. Watu wazima wenye haya ya kupiga vigelegele mbele ya wenzao huiweza kazi hii kwa shida sana. Watoto, wakiwa na mzazi karibu, huifanya vizuri kutuzidi.

Yako makosa mengine yasiyoonekana hadi yameshaota mizizi. Ukijificha wewe huyo huyo kila Jumamosi, mbwa anajifunza kukutafuta wewe. Wakijificha wote na majaketi ya kikosi, anajifunza kutafuta jaketi. Ndiyo maana wanatakiwa watu wa kila namna: mzee mwenye mkongojo, kijana aliyepanda mtini, aliyejifunika blanketi gubigubi, aliyelala kifudifudi, anayelia, anayejisemesha peke yake. Tishu iliyotupwa kichakani ni mtu mwingine kwa pua ya mbwa anayefuata, hivyo ulichoingia nacho unatoka nacho. Na mahali alipojificha mtu asubuhi pasitumike kumpima mbwa mwingine mchana huo huo. Harufu hutuama kwenye majani na kwenye vishimo vya ardhi muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka.

Baada ya kujificha vya kutosha, mgeni hupewa ramani. Msaidizi wa mwongozaji ndiye mtu ambaye hakuna anayempiga picha, na kwa maoni yangu ndiye anayeamua kama utafutaji una maana. Macho ya mwongozaji yako kwa mbwa. Hawezi wakati huo huo kutazama dira, kuandika, kuongea na kituo kinachoongoza utafutaji na kuliona korongo lililo mbele. Msaidizi anatembea hatua chache nyuma, hampiti, na anashika mambo matatu: tupo wapi, upepo unatoka wapi, na mbwa amesema nini.

Upepo hupimwa kwa chupa ndogo ya poda ya mtoto. Unaiminya mara moja usawa wa kiuno, unatazama wingu jeupe linakoelekea, kisha unaminya tena usawa wa goti, maana pua ya mbwa iko huko chini na hewa ya chini mara nyingi haiendi sawa na ya juu. Rudia kila dakika kumi, na kila mnapovuka kilima, ukingo wa msitu au mto. Kidole kilicholowanishwa mate hakitoshi. Kinakuambia upepo upo, hakikuonyeshi unavyojikunja nyuma ya jiwe.

Kwa nini kuhangaika na upepo kiasi hicho? Mwili wa mtu hudondosha vipande vidogo mno vya ngozi mfululizo, ameketi au anatembea, macho au usingizini. Vipande hivyo, pamoja na jasho na pumzi, hupeperuka na kutanuka kama moshi wa kuni: mwembamba karibu na jiko, mpana kadiri unavyokwenda mbali. Mabaharia wana neno lao la upande upepo unakoelekea, demani, na hakuna lililo zuri zaidi kwa kazi hii. Mbwa wa kunusa hewa huanzia demani, akitembezwa kwa kuukata upepo kwa ubavu, kwenda na kurudi, kila mkato ukisogea mbele kuufuata upepo unakotoka. Kwenye vichaka vizito nafasi kati ya mkato na mkato iwe mita 30 hadi 50. Kwenye uwanda wenye upepo wa kutulia, 100 inawezekana. Ekari 40 hadi 80 kwa saa mbili hadi nne ni kazi ya kawaida ya mbwa mmoja aliyeiva. Mtu anayeahidi msitu mzima kwa mchana mmoja hajawahi kutembea nyuma ya mbwa.

Saa nazo zina mambo yake. Jua la mchana hupasha ardhi, hewa hupanda wima na harufu hupanda nayo, hivyo mbwa anaweza kumpita mtu mita 20 asinuse kitu. Jioni hewa ikipoa huwa nzito na kuteremka mabondeni kama maji, ikikokota harufu ya mtu aliye mlimani hadi kwenye mto ulio chini. Msaidizi anayelijua hilo hashangai mbwa akihangaika bondeni pasipo na mtu. Anainua macho mlimani. Usiku wenye ubaridi na upepo mwepesi ni wakati mzuri kuliko yote, na ndio wakati ambao utafutaji mwingi hutangazwa kuahirishwa hadi kukipambazuka.

Sasa la tatu, mbwa amesema nini. Mbwa huanza kusema kabla ya kubweka. Kichwa hugeuka ghafla kama kilichovutwa kwa uzi, mdomo hufungwa ili pua ifanye kazi, mkia hubadilika, mwendo hugeuka. Mara nyingine anafuata, anapoteza, anarudi. Hilo halipuuzwi hata kama hakufika kwa mtu. Tuchukue mfano. Daftari la msaidizi linasomeka hivi: saa 8:20, kichwa kushoto, upepo kutoka mashariki, alifuata mita 40, akapoteza kwenye korongo. Nusu kilomita kusini yake: saa 9:05, kichwa juu, upepo sasa kutoka kaskazini-mashariki, alisimama, akalia kidogo. Pale kituoni mtu anachora mstari kutoka nukta ya kwanza kwenda mashariki, na kutoka ya pili kwenda kaskazini-mashariki. Inapokutana mistari hiyo miwili ndipo anapopelekwa mbwa wa pili, bila mwongozaji wake kuambiwa kwa nini. Bila daftari lile kungebaki maneno ya mwongozaji aliyechoka kwamba mbwa "alionyesha onyesha kitu huko nyuma".

Kuhusu simu ya upepo nitasema jambo moja tu. Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, kisha sema. Anayebonyeza na kusema kwa pamoja hukatwa silabi ya kwanza, na kwa Kiswahili hilo ni balaa: "hayupo" hufika kituoni ikiwa "yupo". Afadhali useme "hakuna mtu, narudia, hakuna mtu". Namba za ramani zisomwe tarakimu moja moja.

Mkirudi, kituo kitawauliza mmefunika eneo lenu kwa asilimia ngapi, yaani kama mtu angekuwamo, mngempata kwa uhakika kiasi gani. Anayejibu mia kwa mia hajajibu. Jibu la kweli lina mashimo ndani yake: sehemu ya mashariki themanini, kichaka cha miiba pembeni mwa mto hatukuingia, kuanzia saa saba upepo ulikufa kwa hiyo robo ya mwisho ni hamsini. Kituo hurudisha watu kwenye hayo mashimo. Msaidizi anayeona aibu kuyataja ni hatari kuliko asiyejua kusoma dira. Ikumbukwe pia kwamba anayetafutwa huenda asiitike. Mtoto mdogo huweza kujificha akisikia wageni wakiliita jina lake, na mzee aliyepoteza kumbukumbu huenda moja kwa moja mpaka anase kichakani, na hapo hukaa kimya watu wakipita hatua chache kutoka alipo.

Kuna mbwa wa aina nyingine ambao wasomaji huwachanganya na hawa. Mbwa wa kunusa hewa hutafuta binadamu yeyote aliyemo eneoni, hivyo huachiwa huru na eneo linatakiwa lisiwe na watu wengine. Mbwa wa kufuata nyayo huvalishwa mkanda wa kifuani, akashikwa kwa kamba ya mita 6 hadi 10, akanusishwa kitu cha aliyepotea, akamfuata yeye peke yake hata kwenye njia walikopita wengine. Huyu wa pili anategemea kitu hicho kiwe safi, na hapo ndipo familia, kwa nia njema kabisa, huharibu kazi. Soksi inatolewa kwenye kapu la nguo chafu za nyumba nzima, inashikwa na mama, shangazi na jirani, inatiwa kwenye mfuko uliobeba vitunguu. Mbwa ananusa ukoo mzima.

Inavyotakiwa ni hivi. Mtu wa nyumbani aonyeshe tu, asishike. Msaidizi avae glovu mpya, achukue kitu kilichogusa ngozi ya aliyepotea peke yake (foronya, soksi, fulana ya ndani), akitie kwenye mfuko mpya wa plastiki unaofungika, na mfuko huo ndani ya mwingine. Aandike juu yake ni nini, kimetoka wapi, saa ngapi, na nani mwingine huenda alikigusa. Kama hakuna chochote ambacho ni chake peke yake, kipande cha shashi safi huachwa juu ya kiti cha gari alichokalia au mto aliolalia kwa nusu saa, kikachukua harufu. Waliokigusa kitu hicho wawepo wakati mbwa anaanza, ili awanuse na kuwatoa kwenye hesabu. Mahali alipoonekana mara ya mwisho pazungushiwe kamba, pasikanyagwe, na magari yazimwe injini na kuegeshwa mbali. Mbwa aitwe mapema. Akiitwa siku ya tatu, baada ya kijiji kizima kupita pale kwa miguu na pikipiki, atafanya anachoweza, ila nafasi kubwa ilikuwa ile ya saa za kwanza.

Kifusi sitakisemea sana kwa kuwa si mahali pa mgeni. Wengi wameiona picha ya Frida, Labrador wa Jeshi la Wanamaji la Mexico, akiwa na miwani na viatu vyake baada ya tetemeko la Septemba 2017. Kifaa hicho kina mjadala wake: viatu huokoa nyayo kwenye vioo, lakini mbwa hushika mabati na zege kwa kucha na vidole, na vikosi vingi huwaacha peku. Wanachokubaliana karibu wote ni kwamba mbwa wa kifusi huingia mtupu, bila mkanda shingoni wala kifuani, kwa sababu nondo moja iliyochomoza inatosha kumnasa na kumnyonga. Hapa hunijia taswira ya yule mbwa wa milima ya Alps aliyechorwa na pipa dogo shingoni. Barry, maarufu wa wote, aliyeishi miaka ya 1800 hadi 1814 na anayesimuliwa kuokoa zaidi ya watu 40, amehifadhiwa katika makumbusho ya Bern huko Uswisi. Pipa ni la wachoraji. Mbwa wa kazi hakulihitaji. Kwenye kifusi mbwa hufanya kazi dakika 20 hadi 30, akapumzishwa muda kama huo, na akibweka mahali, wa pili huletwa kuthibitisha kabla mashine hazijaguswa. Akitoka huogeshwa kwa maji na sabuni kabla hajapewa nafasi ya kujilamba, maana kwenye manyoya yake kuna mafuta ya magari, asidi za betri na vumbi la kila kitu kilichokuwa ndani ya jengo.

Joto linaua mbwa, na wageni wengi hawalijui hilo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na anayehema mdomo wazi hanusi vizuri, kwa hiyo utafutaji unakufa kabla mbwa hajazidiwa. Mwili wake ukiwa umetulia una nyuzi 38 hadi 39.2 hivi, ukifika 41 mbwa yumo hatarini. Dalili huonekana kabla ya kipimajoto: ulimi umepanuka ncha kama kijiko na kuwa mwekundu mzito, mate yanakuwa ya kunata, anachelewa kuitika, miguu ya nyuma inayumba. Ukiona hivyo kazi imekwisha. Kivulini, maji ya baridi ya kawaida mwili mzima na hasa tumboni na mapajani, umpepee, uendelee kummwagia, kisha ndipo safari ya kwa daktari wa mifugo. Kumpoza kunaanza kabla ya gari kuwashwa. Taulo lililoloweshwa na kuachwa mgongoni ni kosa la kawaida. Baada ya dakika chache linageuka blanketi.

Mbwa wa kilo 25 hunywa kama lita moja na robo hadi moja na nusu kwa siku bila kazi. Siku ya kazi na jua, beba nne kwa nusu siku, na mpe kidogo kidogo. Asile mlo mkubwa saa chache kabla wala mara tu baada ya kazi, kwani mbwa wakubwa wenye kifua kipana wanaweza kupata tumbo kujaa hewa na kujisokota, na hilo huua kwa saa chache. Mfuko wa huduma ya kwanza wa msaidizi uwe na bendeji inayojishika, shashi, kibano cha miiba na kupe, salaini ya kuoshea macho na vidonda, na kifunga mdomo cha kitambaa. Hicho cha mwisho wageni hukicheka. Mbwa mpole kuliko wote, akivunjika mguu, atamng'ata anayempenda.

Tumebakiwa na mwenye mbwa. Kumwivisha mbwa mmoja huchukua mwaka na nusu hadi miwili, mara mbili au tatu kila wiki, mvua na jua, na akishafaulu mtihani mazoezi hayapungui. Atafanya kazi hadi afikie umri wa miaka minane, kumi akijaliwa. Mafuta ya gari, chanjo, daktari, buti na nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwako. Simu huingia saa tisa za usiku. Na mara nyingine anayepatikana hapatikani akiwa hai. Mwongozaji na msaidizi hawaiambii familia lolote, hata mama akiwashika mkono. Hiyo ni kazi ya polisi au mamlaka iliyowaita. Hawaendi pia bila kuitwa. Kikosi kilichojipeleka chenyewe huchanganya harufu za eneo, hakimo kwenye ramani ya kituo, na watu wake wakipotea ni kazi ya pili.

Aina ya mbwa sina ugomvi nayo. Labrador, mbwa wa Kijerumani wa kuchunga, Malinois na Border Collie wamezoeleka kwa sababu wanapenda kazi na kuchezacheza, lakini chotara asiye na ukoo anaweza kuwashinda. Asiyefaa ni anayeng'ata watu, anayekimbiza mbuzi na kuku, au anayetetemeka akisikia bati likigongwa.

Kosa kubwa zaidi hata hivyo hukaa upande wa pili wa kamba. Mwongozaji anayejua mtu amejificha wapi hupunguza mwendo akikaribia, hugeuza mabega, hushusha pumzi. Mbwa husoma vyote hivyo na kubweka ili kumridhisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio lililohusu mbwa 18 wa kunusa dawa za kulevya na milipuko. Waongozaji waliaminishwa kuwa kuna harufu imefichwa, na sehemu nyingine ziliwekewa karatasi nyekundu kama alama yake. Hapakuwa na harufu hiyo popote. Hata hivyo waongozaji waliripoti mara nyingi kwamba mbwa wameashiria, na zaidi pale penye karatasi. Ndiyo sababu mazoezi ya maana hufanywa mwongozaji akiwa hajui mtu yuko wapi, na mara kwa mara eneo huwa tupu kabisa, ili ajifunze kurudi na kusema hakuna mtu bila kuona amefeli. Aliyewahi kukaa kichakani miezi sita, akiwatazama waongozaji kumi wakija na mabega yao yakisema kila kitu, hujirekebisha upesi. Aliyeanza na mbwa wake mwenyewe hubishana na mwalimu mwaka mzima.

Ukitaka kujua kama mbwa uliye naye ana kitu ndani, usimpime kwa kukaa na kutoa mkono. Chukua mpira anaoupenda kuliko yote, mshike shingoni, mwenzako autupe kwenye majani marefu yanayofika kiunoni, mita 20 hivi. Mgeuze mbwa mizunguko miwili asikumbuke ulikoangukia, mwachie, usinyooshe kidole, usiseme neno. Tazama saa. Wengi hutafuta dakika moja au mbili kisha hurudi kukutazama usoni ili uwasaidie. Hao ni mbwa wazuri wa nyumbani. Rudia siku nyingine mahali pengine, halafu siku ya tatu mtu akigonga bati karibu na hapo. Ukimwona dakika ya kumi bado yumo majanini, hageuki hata ukimwita, mlete. Mwezi wa saba tangu uanze kuja bila yeye.

Wako,
Mwongozaji wa kujitolea, kikosi cha mbwa wa uokoaji